Dakika 14 za Magharibi: Ghala la mtandaoni linavyomhesabu kijana wetu

Wiki mbili zilizopita nilitoka Mombasa kwa basi la usiku kuja Nairobi kwa shughuli za kifamilia, nikafikia kwa dada yangu Shauri Moyo. Wanaopajua mahali hapa hawahitaji kuelezwa. Hujamaliza chai ya asubuhi, nyundo za jua kali wa Kamukunji zishaanza: mabati yanakunjwa yawe masanduku ya shule, majiko, karai na toroli. Kelele ni nyingi, lakini ni kelele ya watu walio kazini.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 23, hafanyi kazi ya nyundo. Yeye ni kibarua katika ghala la kampuni moja inayouza bidhaa kwa mtandao, upande wa barabara ya Mombasa. Zamu yake huanza saa nane mchana hadi saa nne usiku. Usiku ule alirudi, akanishika mkono, "Shikamoo mjomba," kisha akakaa na sahani ya wali mbele yake bila kuigusa. Asubuhi yake ndipo alipotoa karatasi mfukoni.

Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba tarehe fulani, baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, alikuwa na "muda usio na kazi" wa dakika 14. Chini yake palikuwa na nafasi ya kutia saini kwamba amekubali kosa. Aliambiwa airudishe Jumatatu ikiwa imesainiwa, la sivyo asihangaike kurudi.

Dakika hizo 14 alikuwa akiswali Magharibi.

"Mjomba, wewe umesoma," akaniambia. "Nisaini ama nisisaini?"

Nina diploma, lakini sikuwa na jibu. Ikabidi kwanza nielewe ghala lenyewe linaendaje. Niliyoyaelewa ndiyo ninayowaletea leo, kwa sababu vijana wetu wengi kutoka Pwani wako katika kazi hizi, na wazazi nyumbani wanajua tu kwamba mtoto "yuko Nairobi, anafanya kazi kampuni ya mtandao."

Ghala linavyofanya kazi

Unapoagiza pasi au viatu kwa simu yako, nyuma ya ile picha nzuri kuna hatua nne. Kwanza mzigo unapokewa na kuhesabiwa. Pili unapangwa kwenye rafu, kila rafu ikiwa na nambari yake. Tatu, oda ikiingia, mtu anatumwa kwenda kuichukua bidhaa ile rafuni. Nne inafungwa, inabandikwa anwani na kupelekwa kwa boda boda au kituo cha kuchukulia.

Mpwa wangu yuko hatua ya tatu. Anapewa kifaa cha mkononi, wanakiita skana. Skana inamwambia aende safu gani, rafu gani, achukue nini. Akifika anamulika alama za mistari zilizo kwenye bidhaa, skana inalia, kisha papo hapo inampa safari nyingine. Kila mlio unaandikwa kwenye kompyuta pamoja na saa, dakika na sekunde. Skana ikinyamaza kwa muda, kompyuta huhesabu ukimya huo kuwa mtu amekaa bure. Haijui kama alikuwa msalani, au anambeba mwenzake aliyeanguka, au amesujudu.

Nikamuuliza, "Unatakiwa uchukue bidhaa ngapi kwa saa?" Akacheka. Hawajaambiwa. Yeye na wenzake wamekisia ni kama 100, kwa kuangalia nani anaitwa ofisini na nani haitwi.

Tufanye hesabu kwa makisio yao. Bidhaa 100 kwa saa ni sekunde 36 kwa kila moja: kutembea, kutafuta, kuinama, kumulika, kuweka. Dakika 14 ni bidhaa 23. Kwa hiyo mbele ya kompyuta ile, Magharibi ya mpwa wangu ni pasi na viatu 23 ambavyo havikuchukuliwa.

Isidhaniwe kwamba kijana anatumia dini kukimbia kazi. Adhuhuri anaiswali kabla ya kuingia. Alasiri anaiwahi kwenye mapumziko ya nusu saa. Isha anaiswali nyumbani. Tatizo ni Magharibi peke yake, ambayo wakati wake ni mfupi na huingia na kutoka yeye akiwa kati ya rafu. Salaa yenyewe ni dakika tano. Zilizobaki ni za kuvuka ghala kwenda kwenye bomba la maji, kutia udhu na kurudi.

Roboti ziko wapi?

Watu wakizungumza kuhusu maghala haya hutaja roboti. Ni kweli, ziko. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon ya Marekani ilinunua kampuni ya roboti iitwayo Kiva kwa dola milioni 775. Roboti hizo ni fupi kama meza ya kahawa, zinaingia chini ya rafu, zinainyanyua na kuipeleka hadi kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja, huku wafanyakazi wake wakiwa kama milioni moja na nusu.

Ungedhani mtu atapumzika, maana hatembei tena kilomita nyingi kwa siku. Kilichotokea ni kwamba rafu ikija yenyewe, nambari inayotakiwa nayo inapanda. Mtu aliyekuwa akichukua bidhaa kama 100 kwa saa alianza kutakiwa zaidi ya 300. Waandishi wa shirika la Reveal walipochambua rekodi za Amazon yenyewe, wakachapisha mwaka 2020, walikuta kwamba maghala yenye roboti yalikuwa na majeruhi wengi zaidi kuliko yasiyo nazo. Roboti ilimpunguzia mtu hatua za miguu, ikamwongezea kazi ya mabega, mgongo na viganja.

Katika ghala la mpwa wangu hakuna hata roboti moja. Sababu ni hesabu ya kawaida: roboti ni ghali na kibarua wa Eastlands ni rahisi. Mwenye ghala hana haja ya kununua mashine ya kutembea wakati vijana wamepanga foleni getini kila asubuhi. Alichonunua ni ile sehemu ya bei nafuu, yaani skana na programu inayohesabu sekunde. Mashine zenyewe hazijatufikia, ila kipimo chake tumeshaletewa, na anayepimwa nacho ni mwanadamu.

Tuwe waadilifu pia kwa wenye biashara. Biashara hii ina faida nyembamba. Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012 na kuingia soko la hisa la New York mwaka 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka huo huo wa 2019. Copia, iliyoanzia hapa Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Mei 2024 na mamia ya watu wakapoteza kazi. Mteja anataka bei ya chini na mzigo ufike kesho. Mbinyo huo unashuka ngazi kwa ngazi hadi unamfikia wa mwisho, ambaye hana wa kumshushia. Mimi na wewe tunaoagiza kwa simu pia tumo katika mbinyo huo.

Makuli wetu na nambari yao

Sisi wa Mombasa tulishaliona jambo hili bandarini. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa kuli Kilindini kabla ya makontena kuenea. Akituhadithia kwamba magunia yalikuwa mazito, lakini kila genge lilijua idadi yake. Karani alihesabu kwa sauti, na kuli naye alihesabu kimoyomoyo. Wakitofautiana, palizuka ugomvi pale pale mbele ya watu. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, makuli wakiwemo, waligoma kwa karibu wiki mbili wakidai mishahara bora, na baadaye serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda baraza la kuamua, nayo mishahara ikaongezwa. Waliweza kudai kwa sababu walijua wanafanya kiasi gani na wanalipwa kiasi gani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ghalani daftari lipo, tena la sekunde, ila analisoma upande mmoja tu. Kwangu mimi hapo ndipo penye dhuluma. Kazi nzito tumeizoea. Lakini mtu atavunjaje kanuni ambayo hajawahi kuonyeshwa?

Wasomali wa Minnesota

Kuna watu wa upande wetu huu waliokutana na jambo hili hili mbali sana. Katika mji wa Shakopee, jimbo la Minnesota huko Marekani, Amazon ina ghala kubwa ambalo wafanyakazi wake wengi walikuwa Wasomali. Wasomali wengi walifika Marekani kupitia kambi za Dadaab na mitaa ya Eastleigh, ambayo si mbali na hapa kwa dada yangu. Malalamiko yao yalikuwa yale yale: kasi, kwenda msalani, na salaa, hasa mwezi wa Ramadhani.

Mwaka 2017 kikaanzishwa kituo cha wafanyakazi kiitwacho Awood, neno la Kisomali lenye maana ya nguvu. Mwaka 2018 kampuni ilikaa nao mezani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Desemba mwaka huo wakaandamana nje ya ghala, na Julai 2019 wakaacha kazi kwa saa kadhaa siku ya mauzo makubwa ya kampuni. Walikuwa wachache, na ghala halikusimama. Lakini waliendelea kudai, na mwaka 2023 jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa maghala. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nambari yake kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na inakataza nambari inayomzuia mtu kula, kupumzika, kwenda msalani au kuswali. California ilitangulia kupitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2021.

Hawakudai roboti ziondolewe. Walidai nambari iandikwe, na ndani yake pawe na nafasi ya mwanadamu.

Kwetu sheria inasema nini

Kenya hatuna sheria ya maghala, lakini hatuko mikono mitupu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa ibada, na cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwanza, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha amsikilize. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi, hata kama bado anaitwa kibarua. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na kompyuta peke yake katika jambo zito linalomhusu.

Mpwa wangu yuko pale mwezi wa saba sasa.

Tulichofanya

Hakusaini kwamba amekosa. Hakutupa karatasi pia, maana kodi ya nyumba ni yeye na mama yake wanaichanga. Tulikaa mezani, tukaandika barua fupi ya heshima, ya mistari minane. Alikiri kwamba skana ilinyamaza dakika 14 na akaeleza alikuwa wapi. Akaomba mambo matatu: aonyeshwe kwa maandishi idadi anayotakiwa kufikisha kwa saa, aruhusiwe kugawa ile nusu saa yake ya mapumziko, dakika 15 Alasiri na 15 Magharibi, ili kampuni isipoteze hata dakika moja, na kama kuna shauri la nidhamu, aitwe akiwa na mwenzake. Akabaki na nakala, akaipiga picha.

Jumatatu aliipeleka. Msimamizi wake aliisoma akiwa amesimama, akasema ataipeleka juu. Hakumfukuza. Kesho yake wenzake wawili, mmoja wao Mkristo anayenyimwa nafasi ya kwenda kanisani Jumapili, walimwomba ile picha ili waandike zao. Hadi ninapoandika haya jibu halijatoka na nambari haijaonyeshwa, lakini anaingia kazini kila siku.

Kwa wazazi mnaonisoma Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale: mtoto akipiga simu, msiishie kumuuliza kama amelipwa. Muulizeni kama ana karatasi ya mkataba, kama anajua kiasi anachotakiwa kufanya, na Magharibi inamkuta wapi. Kwa vijana: wekeni tarehe zenu za kazi kwenye daftari, hifadhini kila barua na kila ujumbe, msisaini kosa msilolielewa, wala msiifanye salaa kuwa kisingizio cha kukaa, maana amana ni ya pande mbili.

Jioni ya kuondoka nilipita Kamukunji kununua jiko la kupelekea nyumbani. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Fundi akaweka nyundo chini, akaniambia, "Nisubiri kidogo, ami." Tukaenda kuswali sote, tukarudi, akamalizia jiko langu. Usiku huo huo likapakiwa kwenye basi.