Uhakika wa Muda katika Upangaji wa Usafiri wa Kufika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko takribani kilomita 12 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Umbali huo si mkubwa. Tatizo la msingi ni kwamba muda wa kuufikia hautabiriki. Barabara ya Nyerere, iliyo njia kuu ya kufika uwanjani, hutumiwa pia na wakazi wa Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, pamoja na malori ya viwandani. Jengo la Tatu la Abiria, lililoanza kutumika mwaka 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na wengi wao huitegemea barabara hiyo.

Kwa msafiri wa ndege, wastani wa muda wa safari hauna maana kubwa. Ichukuliwe kuwa safari huchukua dakika 40 siku nyingi, lakini hufikia dakika 90 siku chache zenye foleni. Asiyetaka kuachwa na ndege hulazimika kutenga dakika 90 kila mara. Hivyo basi, mpango unaookoa dakika 5 siku ya kawaida una manufaa madogo kuliko ule unaoondoa siku za dakika 90.

Daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 katika makutano ya TAZARA, liliondoa kikwazo kikubwa. Hata hivyo, daraja la juu hupunguza msongamano pale lilipojengwa. Kwingineko magari huendelea kugombea nafasi. Njia mahususi ya mabasi yaendayo haraka, ambayo katika awamu ya tatu inafuata barabara hiyo hadi Gongo la Mboto, hulitenga basi na foleni, na kwa hiyo muda wake hukadirika.

Faida hiyo yaweza kupotea katika mita za mwisho, kati ya kituo cha basi na mlango wa jengo, iwapo mwenye masanduku au kiti cha magurudumu hana kivuko salama. Aidha, msafiri hufika uwanjani mara chache, ilhali wasafishaji, walinzi na wapakiaji mizigo hufika kila siku, wengine alfajiri. Ratiba ya mabasi isiyozingatia zamu zao huwaachia gharama ya bodaboda. Kwa sababu hiyo, upangaji unapaswa kuanzia kwenye ratiba za ndege na za zamu, ndipo ufuate ujenzi wa barabara.