MTOTO ALIYECHELEWA KUSEMA ASINGOJEWE

Wazazi na walezi wote wa kisiwa cha Pemba wanakumbushwa kwamba mtoto huanza kuwasiliana kabla hajatamka neno. Mtoto wa miezi 6 hugeukia sauti na hucheka asemeshwapo. Atimizapo mwaka mmoja hutoa sauti za "ba-ba" na "da-da", hupunga mkono na huitikia jina lake. Wa miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo".

Mtoto asiyefanya hayo, au aliyekuwa akiyafanya kisha akaacha, haifai kungojewa kwa kauli ya kuwa "hata baba yake alichelewa". Huenda kweli akasema baadaye. Lakini huenda pia hasikii, na kila mwezi upitao humpunguzia fursa ya kujifunza lugha. Miongoni mwa sababu ni usaha wa masikio, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo na malaria kali. Si haki kumlaumu mama, wala si aibu ya kumficha mtoto ndani.

Upungufu wa damu nao huhusika. Utafiti wa watoto 614 uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2001 ulionesha kwamba watoto waliopewa madini ya chuma kidogo kila siku kwa miezi 12 waliendelea vyema zaidi katika lugha. Hata hivyo, utafiti mwengine wa hapa hapa, uliochapishwa mwaka 2006, ulionesha kwamba kuwapa watoto wote madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza maradhi makali na vifo. Kwa hiyo mzazi asinunue dawa ya damu dukani kabla ya mtoto kupimwa.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mtoto apelekwapo kwenye chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, mzazi amweleze muuguzi wasiwasi wake na aombe masikio na damu ya mtoto viangaliwe. Mwenye wasiwasi kabla ya hapo asisubiri siku ya chanjo.

2. Mtoto asemeshwe uso kwa uso anapooshwa, anapolishwa na anapobebwa. Kisha apewe nafasi ya kujibu kwa sauti au kwa jicho. Redio na simu hazichukui nafasi ya mtu.

3. Ishara za mikono zitumike bila ya khofu. Hazimzuii mtoto kusema, bali humpa njia ya kueleza haja yake.

4. Baba, bibi na majirani washirikiane na mama, asiachiwe mzigo peke yake.

Dua na kisomo ni mambo ya kheri, na hayapingani na kwenda hospitali. Samaki mkunje angali mbichi. Masheha wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wazazi wa shehia zao.