Assert iliyokula data yangu: makro au fanksheni ya inline?

Umewahi kuwa na programu ambayo ukiichunguza inafanya kazi vizuri, ukiacha kuichunguza inaharibika? Mimi yamenikuta. Programu yangu ya utafiti, ya C++, ilikuwa inakokotoa wastani wa mvua. Kwenye hali ya majaribio, majibu safi kabisa. Nikiijenga kwa ajili ya kasi, wastani ni sifuri. Siku mbili nimekodolea macho skrini, kumbe kosa ni mstari huu mmoja:

assert(soma_faili(data) == 0);

Ukiutazama haraka, assert inafanana na fanksheni. Lakini ni makro, na makro ni maandishi tu: kabla kompaila haijaanza kazi yenyewe, maandishi hayo yanabadilishwa na maandishi mengine. Ukiweka alama ya NDEBUG, assert nzima inageuzwa kuwa kauli tupu, pamoja na kila kilichomo kwenye mabano. Na CMake, ukitumia GCC na kuchagua Release, inaweka NDEBUG yenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo faili langu halikusomwa kabisa! Orodha ilibaki na sifuri nilizoiwekea mwanzoni.

Sasa utauliza: si bora kuandika fanksheni ya inline, tuseme hakiki(bool sharti)? Ina faida kweli. Sharti linakokotolewa kwanza, ndipo fanksheni inaitwa, kwa hiyo faili langu lingesomwa hata kama ndani ya hakiki hamna kitu. Pia inakuepusha na mtego mwingine wa makro. Chukua hii:

#define MRABA(x) ((x)*(x))

Ukiandika MRABA(i++), hiyo i++ inanakiliwa mara mbili, na lugha haikuahidi jibu lolote. Fanksheni inaikokotoa mara moja tu.

Lakini faida hiyohiyo ndiyo gharama yake. Kama ukaguzi wako unapitia orodha ya vitu milioni moja, kompaila isipoweza kuthibitisha kwamba kazi hiyo haina athari yoyote, itaifanya hata pale usipoihitaji. Neno inline haliondoi hilo. Makro inaiondoa kwa hakika.

Halafu kuna ujumbe wa kosa. Makro inaweza kuchapisha sharti lenyewe kama ulivyoliandika, jina la faili na namba ya mstari. Ukiweka __LINE__ ndani ya fanksheni, utapata mstari wa fanksheni hiyo, sio pale ilipoitwa. C++20 imeleta std::source_location inayotatua suala la mahali, ila maandishi ya sharti bado yanahitaji makro.

Kwa hiyo mimi bado natumia makro kwa ukaguzi, kwa sharti moja: ndani ya assert tunauliza tu, hatufanyi kazi. Jiulize, mstari huu ukifutwa, programu itabaki vilevile? Kama hapana, utoe humo.

Na ukweli ni kwamba kosa langu lilikuwa na mzizi mwingine. Faili kukosekana si hitilafu ya msimbo, ni jambo la kawaida linaloweza kumtokea mtumiaji yeyote. Hilo linataka if ya kawaida, inayobaki siku zote. Assert iachie mambo ambayo yakitokea, aliyekosea ni wewe mwandishi wa programu.

Leo, kabla hujalala, endesha majaribio yako kwa njia zote mbili, yenye NDEBUG na isiyo nayo. Majibu yakitofautiana, unajua pa kuanzia.