Daktari wa Muziki

Mzazi wa Sange akiambiwa kwamba mwanawe ataka kuwa daktari, hufurahi, akifikiri habari za sindano na hospitali. Akiambiwa kuwa ni daktari wa muziki, hushangaa: yupo mtu anayesoma miaka mingi hivyo kwa ajili ya ngoma? Swali hilo si la kuchekwa. Mwalimu mwenye watoto, akiacha kazi ili arudi kusoma, huwaachia wa nyumbani mzigo mzito. Basi, wapenzi wasomaji, na tutazame habari ya mtu mmoja aliyeishika njia hiyo.

Jina lake ni James Isabirye, mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, mjini Kampala. Huko Busoga, mashariki ya Uganda, uko muziki uitwao bigwala: mabaragumu ya vibuyu, matano au zaidi, makubwa kwa madogo. Kila baragumu lina sauti moja tu. Mpigaji hupuliza zamu yake ifikapo, kisha hunyamaza akiwasikiliza wenzake. Wimbo hautoki kwa mmoja, hutoka kwa wote. (Heri wanakwaya wetu wapendao kushindana kwa sauti wangeisikia habari hiyo!) Muziki huo ulipigwa katika kutawazwa na kuzikwa kwa watawala. Katiba ya mwaka 1967 ilipozifuta falme za Uganda, wapigaji walipoteza kazi yao. Mwaka 2012, UNESCO ilipouandika bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, wazee wenye ujuzi kamili walikuwa wamesalia wanne tu.

Isabirye alishirikiana na wazee kuufufua. Kazi ilianzia shambani, kwa kupanda vibuyu vyenyewe, maana pasipo kibuyu hakuna baragumu. Kisha vijana waliketi pamoja na wazee, wakasikiliza, wakaiga, wakakosea, wakarudia.

Mtu huyo aliyekwisha kufanya kazi ndiye aliyekwenda Marekani, kwenye Oakland University katika jimbo la Michigan, na mwaka 2019 akapata udaktari wa elimu ya muziki. Katika utafiti wake hakuandika juu ya watunzi wa Ulaya. Aliuliza swali lililozaliwa katika kazi yake: kijana anayejifunza muziki wa wazee wake hupata nini? Akaona kwamba hupata kujitambua, hupata uwezo wa kutenda kwa hiari yake, na hupata furaha inayomsukuma kuendelea. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo faida ya kufanya kazi kwanza. Atokaye dawati hata dawati huchukua swali lake vitabuni. Mwalimu huja nalo mkononi.

Wakatoliki tusilione jambo hili kuwa geni. Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso ulitaka wamisionari wafundishwe muziki, ili waweze kuustawisha muziki wa wenyeji shuleni na katika ibada.

Nasi je, katika bonde la Ruzizi? Vita vya tangu 1996 vimewatawanya watu mara nyingi, na mzee akikimbia usiku hachukui ngoma. Chuo chetu cha sanaa, Institut National des Arts, kiko Kinshasa, mbali sana na Uvira. Mwalimu atamaniye udaktari asiende kwa pupa. Aulize kwanza nani atalipa ada, nani atawalisha watoto, na kama yuko profesa wa kumwongoza katika jambo analolitaka. Na kabla ya kuandika barua ya kwanza kwa chuo chochote, anunue daftari, akaulize Sange, Luvungi na Kiliba: mzee yupi angali anajua nyimbo za zamani, alifundishwa na nani, na mtoto akikosea humsahihisha namna gani.