Data Huria za Serikali za Mitaa: Istilahi, Sheria na Mfano wa Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya data huria za serikali za mitaa, na kuonyesha kwa nini jambo hili, ambalo aghalabu hujadiliwa kama suala la kompyuta, ni suala la lugha pia. Mfano wetu ni teritware ya Fizi na mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumeichagua Fizi kwa sababu huko Kiswahili, pamoja na Kibembe na lugha nyingine za wenyeji, ndicho lugha ya soko, ibada na redio, ilhali majalada ya ofisi huandikwa kwa Kifaransa.

Hoja yetu ni hii: data kuhusu Fizi zipo, na baadhi yake ziko wazi tayari. Lakini ziko wazi zaidi kwa mtafiti wa Ulaya kuliko kwa mwalimu wa Lubondja, ambaye yeye mwenyewe na wanafunzi wake ndio waliohesabiwa. Kazi iliyobaki si kuzianika data tu, bali ni kuzirejesha kwa waliohesabiwa, kwa lugha wanayohojiana kwayo.

2.0 Data, takwimu, taarifa na habari

Maneno haya manne hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Yafaa yatenganishwe. Takwimu, neno lenye asili ya Kiarabu, hurejelea zaidi hesabu: idadi ya wanafunzi, kiasi cha ushuru, vifo vya mwaka. Taarifa ni maelezo yaliyokwisha kupangwa ili mtu aarifiwe. Habari ni yale yanayosimuliwa kwa kuwa ni mapya. Neno data limekopwa, na wako wanaolikataa kwa sababu hiyo. Lakini lina nafasi ambayo matatu yaliyotangulia hayaijazi. Orodha ya shule za sekta si takwimu, kwa maana haijahesabu chochote. Wala si taarifa, kwa maana bado haijaeleza lolote. Ni mali ghafi ambayo takwimu na taarifa hutengenezwa kwayo. Ramani ya visima, kitabu cha uzazi na vifo, daftari la ushuru wa soko na bajeti ya mji vyote huingia humo.

3.0 Wazi, bure na huria

Istilahi ya pili ina uzito zaidi. Je, tuseme data wazi, data za bure au data huria? Kitu kilicho wazi huonekana, lakini si lazima kiruhusiwe kuguswa. Bajeti iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi iko wazi; anayeinakili na kuigawa sokoni huweza bado kuulizwa ni nani aliyempa ruhusa. Kitu cha bure hakilipiwi, lakini kinaweza kutolewa leo na kunyimwa kesho kwa hiari ya mtoaji. Huria ni neno linalohusu uhuru wa mtumiaji. Tunalo katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Data huria, basi, ni data ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzinakili, kuzichanganya na nyingine, kuzisambaza na hata kuzifanyia biashara, bila kuomba kibali.

Maana hii inakubaliana na misingi iliyotungwa Desemba 2007 huko Sebastopol, California, na kundi la watu wapatao 30 waliokutana kujadili data za serikali. Walikubaliana misingi minane. Miongoni mwake ni kwamba data ziwe kamili, zitoke kwenye chanzo chenyewe, zitolewe mapema kabla hazijapoteza thamani, ziweze kuchambuliwa kwa kompyuta, na zisifungwe na leseni. Sharti la kompyuta hupuuzwa mara nyingi. Picha ya jedwali lililopigwa mhuri husomeka kwa jicho, lakini tarakimu zake haziwezi kujumlishwa mpaka mtu azinakili upya moja baada ya nyingine. Lugha haikutajwa miongoni mwa misingi hiyo minane, na hapo ndipo wanaisimu wana neno la kuongeza.

4.0 Sheria na tarakimu ya kwanza

Kisheria, mwananchi wa Fizi hana mkono mtupu. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara ya 3 inazitambua mamlaka za mitaa, yaani miji, komuni, sekta na machifu, na kuzipa uhuru wa kusimamia rasilimali zao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikafafanua muundo wa mamlaka hizo. Baraka nayo ilipewa hadhi ya mji kwa agizo la serikali la mwaka 2013.

Tutazame fedha. Ibara ya 175 ya Katiba inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba mamlaka za mitaa zipate asilimia 40 ya mgawo huo wa jimbo. Kwa hiyo, kati ya kila faranga 100, faranga 40 ni za jimbo, na kati ya hizo faranga 16 ni za miji, komuni, sekta na machifu. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi. Kinachokosekana ni tarakimu ya kwanza: zile 100 zilikuwa ngapi? Asipoijua, mwananchi hawezi kusema kama sekta yake imepunjwa au imepata haki yake. Atabaki kunung'unika tu, na manung'uniko yasiyo na tarakimu ni rahisi kupuuzwa.

Tarakimu ya pili ni idadi ya watu, ambayo ni mojawapo ya vigezo vya kugawa fedha hizo kati ya mamlaka na mamlaka. Sensa ya mwisho ya watu wote nchini Kongo ilifanywa mwaka 1984. Tangu hapo, Fizi imepitia vita vya 1996 na 1998. Watu wengi wamevuka ziwa kwenda Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Baadhi wamerudi, wengine wamezaa huko huko. Makadirio yanayotumika hutokana na hesabu za machifu, vituo vya afya na mashirika ya misaada, na kila mmoja huhesabu kwa haja yake. Hesabu hizi zikiwekwa pamoja hadharani, tofauti zake zingeonekana na zingeweza kujadiliwa. Zikikaa kila moja katika kabati lake, kila ofisi huamini yake.

5.0 Jina moja, mahali pengi

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapohitajika. Jina Fizi lina maana tatu: ni teritware nzima, ni makao yake makuu, na ni kanda ya afya. Kanda ya afya ya Fizi si sawa na teritware ya Fizi, kwani ndani ya teritware hiyo zimo pia kanda nyingine, kama vile Nundu na Kimbi-Lulenge. Anayesoma kwamba Fizi ina wagonjwa kadhaa wa kipindupindu, kisha akagawa idadi hiyo kwa watu wa teritware nzima, atapata jibu la uongo ingawa tarakimu zote mbili ni za kweli.

Tahajia nayo ina matatizo yake. Lubondja limeandikwa kwa mazoea ya Kifaransa. Kwa tahajia ya Kiswahili lingekuwa Lubonja. Msomaji hatatizwi na tofauti hii, lakini kompyuta huona vijiji viwili. Shule ikiorodheshwa chini ya jina moja na zahanati chini ya jina la pili, mwenye kuunganisha majedwali hayo ataamini kwamba kijiji cha kwanza hakina zahanati na cha pili hakina shule. Orodha moja ya majina ya mahali, yenye tahajia zote zinazotumika, ni kazi ndogo kwa idara ya Kiswahili na ni msaada mkubwa kwa kila ofisi.

6.0 Yaliyofanywa kwingineko

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora ramani ya mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulikuwa kama pengo tupu, na kuiweka katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Dar es Salaam ilifuata kwa Tandale mwaka 2011, kisha kwa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mifereji, nyumba na njia katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Kenya ilizindua hifadhi ya data za serikali tarehe 8 Julai 2011, na sifa zikavuma; lakini baada ya miaka michache sehemu kubwa ya data zake haikuhuishwa. Funzo ni kwamba uzinduzi ni wa siku moja, na utunzaji ni wa kila mwezi.

Katika Kivu ya Kusini kwenyewe, mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliwashirikisha wakazi katika kupanga bajeti, ikiwa ni pamoja na komuni za Bukavu. Ujumbe wa simu ulitumika kuwaita watu mikutanoni, kupiga kura juu ya vipaumbele na kutangaza yaliyoamuliwa. Mpango huo ulionyesha kwamba si lazima mwananchi awe na kompyuta ili data zimfikie.

Data nyingine zimefunguliwa na watu wa nje. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, ilichapisha utafiti ulioorodhesha vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, ambavyo wapita njia hutozwa. Tangu 2014 Umoja wa Mataifa una hifadhi iitwayo HDX, ambamo mipaka ya kanda za afya za Kongo hupakuliwa bila malipo. Kazi hizi ni za thamani, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mchuuzi anayetozwa kwenye kizuizi anahesabiwa humo, lakini si msomaji wake.

7.0 Yasiyopaswa kufunguliwa

Isidhaniwe kwamba kila kilichomo ofisini kifunguliwe. Katika eneo lililoona watu wakiwindwa kwa ajili ya kabila lao, orodha ya majina, makabila na makazi ni silaha. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka kusikiliza kesi ya ubakaji uliotendwa na askari mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya, na ikawatia hatiani ofisa mmoja na baadhi ya askari wake. Hukumu ile ni mali ya umma na yafaa isomwe na kila mtu; majina ya wanawake waliotoa ushahidi si mali ya umma, na hayatakuwa kamwe. Kanuni yaweza kusemwa kwa ufupi: yanayohusu mamlaka na fedha yafunguliwe, yanayomhusu mtu binafsi yafungwe. Ugumu uko katikati. Katika kijiji kidogo, hata jedwali lisilo na jina, likitaja mgonjwa mmoja wa kike mwenye umri fulani, limemtaja. Kwa hiyo idadi ndogo hujumlishwa kwanza na za vijiji jirani kabla ya kutolewa.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba data huwa huria pale tu aliyehesabiwa anapoweza kuzisoma na kuzitumia bila kuomba ruhusa. Kwa Fizi na Baraka mwanzo wake hauhitaji mitambo mikubwa: bajeti ya mwaka na mgawo uliopokelewa, kwa Kiswahili na Kifaransa, vibandikwe ubaoni, visomwe redioni, na jedwali lake lipewe yeyote anayelitaka. Nakala nyingi zina faida nyingine pia. Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, ilidhihirika tena jinsi makao ya jimbo yanavyoweza kubadilika mikono kwa siku moja. Daftari lenye nakala moja huenda na ofisi yake.

Kwa upande wetu wanavyuo, kazi iko mezani: orodha ya istilahi za bajeti na ushuru, inayopatanisha Kiswahili sanifu na maneno yanayotumika Kongo, na orodha ya majina ya mahali. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya nchi ile. Haki hiyo haitakamilika mpaka mzazi wa Lubondja aweze kusoma kwa lugha hiyo kiasi kilichopangwa kwa ajili ya shule ya mwanawe, na kuuliza kiasi kilichofika.