Nyambizi ya kujiundia bandarini: ukishazama, utaona nini?

Ukisoma uhandisi, hukosi kukutana na mtu anayetaka kuunda nyambizi yake mwenyewe. Tangi la chuma, kidirisha cha plastiki nene, betri za gari, basi. Mimi pia niliwahi kuchora moja nyuma ya daftari. Swali tunaloliruka ni hili: ukishafika chini ya bandari yenye maji ya tope, utafanya nini huko?

Kazi ipo, tena si ya mzaha. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Siku zote hizo jamaa zao walikuwa wakingoja, na mahali penyewe ni kivukoni, ambapo maelfu ya watu hupita kila siku. Kwa hiyo usimcheke anayeuliza kama chombo kidogo cha mtu mmoja kingesaidia.

Shida ya kwanza ni mwanga. Maji ya bandari yamejaa chembe ndogo za udongo, na kila chembe huutawanya mwanga unaoigonga. Ukiwasha taa kali zaidi ni kama kuwasha taa zote za gari kwenye ukungu: mwanga unakurudia usoni, huoni kitu. Na hicho kidirisha si cha bure. Chenye kipenyo cha sentimita 30 tu, kwenye kina cha mita 10 kinasukumwa na maji kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 700 na ushee. Kwenye mita 58 ni zaidi ya tani 4. Unahatarisha maisha kwa ajili ya dirisha linalokuonyesha tope!

Jambo hili si geni. Mwaka 1775 Mmarekani David Bushnell aliunda Turtle, nyambizi ya mtu mmoja iliyoendeshwa kwa mikono, na mwaka 1776 ilitumwa kuwashambulia Waingereza katika bandari ya New York. Gizani, dira na kipima kina vilionekana kwa sababu vilipakwa kuvu wanaong'aa wenyewe (mshumaa ungemaliza hewa, na hewa yenyewe ilikuwa ya nusu saa hivi). Ezra Lee, aliyekuwa ndani, alishindwa kutoboa meli aliyoilenga, akarudi.

Tatizo la hewa halijabadilika, ila watu hulielewa vibaya. Kabla oksijeni haijakwisha, kabonidioksidi unayoitoa mwenyewe itakuwa imekuzidi. Katika mita moja ya ujazo ya hewa, ukiwa umetulia, inafika kama asilimia 3 ndani ya saa mbili hivi: kichwa kinauma, unahema, na maamuzi yanaanza kuwa ya ovyo. Tena uko chini ya meli, kati ya kamba na nyavu zilizotupwa.

Halafu kuna mito. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya mto. Nyambizi ya mita 2 za ujazo iliyosawazishwa baharini, ikiingia kwenye maji ya mto baada ya mvua, inakuwa kana kwamba mtu ameipakia mfuko mzima wa simenti. Inazama tu, bila wewe kugusa chochote.

Sasa, manufaa yamebaki wapi? Kwenye kusikia na kugusa. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na tope haliisumbui kama linavyousumbua mwanga. Sona inaweza kuchora umbo la gari au nanga iliyopotea. Mkono wa chuma unaweza kuchota udongo wa kupima uchafu, au kufunga kamba. Lakini angalia: hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayohitaji mtu awe ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama una tangi na mashine ya kuchomelea: toa kiti. Toa dirisha pia. Weka sona, betri na kebo inayorudi juu, wewe ubaki kwenye boti na kioo cha kompyuta. Anza na sona ndogo ya wavuvi, ivute taratibu nyuma ya boti, ukienda na kurudi kwa mistari inayopishana kidogo, kama mtu anayelima matuta, na kila mstari uandike mahali ulipoanzia na ulipoishia.