Utambuzi wa minazi na jamaa zake kwa mbegu na miche

Utambuzi wa minazi na jamaa zake kwa mbegu na miche ni njia ya kujua spishi ya mmea wa familia Arecaceae kabla haujatoa shina. Katika Afrika ya Mashariki familia hii inajumuisha mnazi, mtende, mkindu, mchikichi, mvumo, mkoma na mpopoo. Miche yao hufanana sana: mingi huanza kwa jani moja refu linaloweza kudhaniwa kuwa nyasi. Aliyepanda mche usio sahihi anaweza kugundua kosa lake baada ya miaka kadhaa.

Mbegu

Kifuu cha nazi kina macho matatu, na mche hutokea kwenye lile lililo laini. Mbegu ya mchikichi pia imo ndani ya gamba gumu jeusi lenye macho matatu, lakini ni ndogo zaidi. Kokwa ya tende (Phoenix dactylifera) ni ndefu na ina mfereji upande mmoja. Mgongoni kuna alama ndogo ya mviringo inayoonyesha mahali pa kiinitete. Kokwa ya mkindu (Phoenix reclinata) ina umbo hilohilo, ila ni fupi zaidi.

Tunda la mvumo (Borassus aethiopum) lina nyuzi nyingi na kwa kawaida kokwa moja hadi tatu. Koma, tunda la mkoma (Hyphaene), kwa kawaida lina kokwa moja. Mbegu yake ikikatwa huonekana nyeupe, ngumu na yenye uwazi katikati. Popoo ikikatwa huonyesha michirizi ya kahawia ndani ya weupe.

Namna ya kuota

Mimea hii ina jani la mbegu moja tu. Sehemu ya jani hilo hubaki ndani ya mbegu ikinyonya chakula. Kwa mnazi, mchikichi na mpopoo, mche huchomoza palepale kando ya mbegu. Kwa mtende, mkindu, mvumo na mkoma, jani la mbegu hurefuka kama mrija, hushuka ardhini likibeba kiinitete, na mche huchomoza mbali na mbegu.

Mrija wa mvumo unaweza kushuka zaidi ya sentimita 30. Kwa hiyo mfuko mfupi wa kitaluni haufai, na ni afadhali mbegu ipandwe mahali mti utakapokaa.

Mche uliookotwa hufukuliwa polepole kwa kuufuata mrija hadi kwenye mbegu. Mbegu hiyo ni ushahidi bora kuliko jani, hasa kati ya mtende na mkindu.

Majani ya kwanza

Jani la kwanza la mtende na la mkindu ni jembamba na halikugawanyika. La mvumo pia halikugawanyika, lakini ni pana zaidi na lina mikunjo. Majani yenye umbo la kipepeo hufuata baadaye. Majani ya kwanza ya mnazi ni mapana na mazima, na hupasuka kuwa makuti baada ya miezi mingi. Jani la kwanza la mpopoo kwa kawaida lina ncha mbili.

Mipaka ya njia hii

Mbegu huonyesha spishi, lakini si kila sifa ya mti ujao. Mtende una miti dume na miti jike, na kokwa haionyeshi jinsia. Ndiyo sababu wakulima hupendelea kupanda machipukizi ya mti jike unaojulikana.

Kwa mchikichi, gamba la mbegu hutokana na mti mama. Aina ya tenera, yenye gamba jembamba na mafuta mengi, ni chotara wa dura na pisifera. Mbegu za tenera zilizochavushwa na tenera hutoa takriban robo dura, nusu tenera na robo pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda. Hivyo mkulima anayechagua mbegu kwa kutazama wembamba wa gamba anaujua mti alikozichuma, wala si mti atakaoupata.